Mafundi wa saspensheni, "springi zitakaa tu" si jibu

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira. Malalamiko ni yale yale kila siku: mtu anapeleka 4x4 yake, anafungiwa springi na shokapu mpya, gari linapanda milimita 50 na kwa macho limependeza. Likifika kilomita 80 kwa saa linaanza kutangatanga barabarani, usukani haurudi katikati baada ya kona, na ukikanyaga breki pua inazama kuliko zamani. Mwenye gari akirudi gereji anajibiwa, "Bosi, springi bado mpya, zitakaa tu."

Springi kweli zitakaa, yaani zitashuka zikizoea uzito, tena kwa milimita chache. Ila kasta (mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, ukitazama gari ubavuni) iliyopotea hairudi kwa sababu springi zimekaa, na bushi (kipande cha raba kwenye maungio ya saspensheni) iliyobanwa ikiwa imejisokota haijinyooshi yenyewe. Fundi anayetoa jibu hilo ama hajui kazi ama anakufukuza kwa adabu.

Tuanze na usukani. Magari yenye ekseli nzima mbele inayoshikwa na mikono miwili kwenda nyuma, mfano Land Cruiser 80 na Patrol Y61, ukiinua bodi mikono inabadilika mwinamo na ekseli inazunguka nayo. Kwa milimita 50 unapoteza karibu nyuzi 2 za kasta, na kiwandani lilikuja na nyuzi chache tu. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati. Ikipungua, gari linafuata kila mfereji wa lami na dereva anasahihisha muda wote. Dawa yake inajulikana: bushi za mikono zenye tundu lililosogezwa pembeni, au bamba za kurekebisha kasta. Kubana stelingi boksi (sanduku la gia za usukani) si dawa. Unaua mchezo mdogo uliotakiwa kuwepo, usukani unaganda, na tatizo lipo pale pale.

Kwenye gari hilo hilo kuna rodi ya Panhard, inayoshika ekseli isiende pembeni. Bodi ikipanda, rodi inasimama zaidi na kuvuta ekseli upande mmoja kwa milimita kadhaa. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi chesisi, kushoto na kulia. Tofauti ikiwa inaonekana, inatakiwa rodi inayorefushika. Na bushi za rodi hiyo zikiwa zimechoka, ukipita shimo dogo kwa mwendo wa kati usukani wote unatetemeka mkononi.

Kwa magari yenye koili juu ya shokapu mbele, kama Hilux na Prado za miaka ya karibuni, ujinga ni wa aina nyingine. Shokapu imeshika mkono wa chini katikati, si kwenye tairi. Kipande cha milimita 25 juu ya shokapu kinainua gari karibu milimita 50 kwenye gurudumu. Kuna mafundi wanaweka kipande cha 50 kwa kuamini kitainua 50. Matokeo yake mkono wa juu unagonga koili tairi ikishuka, bolijointi ya juu (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu) inafika mwisho wake, na sivii jointi (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) inafanya kazi kwenye pembe kali mpaka raba yake inachanika na grisi kumwagika. Na wale wanaokaza tosheni baa (fito za chuma zinazosokoteka badala ya springi): hamjaongeza ugumu wowote. Mmepandisha gari tu hadi karibu na mwisho wa mwendo wake wa kushuka, ndiyo maana kila likitoka kwenye tuta linagonga "kok!" tairi zikining'inia.

Sasa bushi, maana hapa ndipo uzembe ulipokithiri. Bushi ya raba ya kiwandani imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, haizunguki. Inasokoteka tu, kidogo huku, kidogo kule. Fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya stendi na ekseli inaning'inia, bomba la ndani linakamatwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, raba tayari imesokotwa. Mtaona gari limesimama juu kuliko ilivyotegemewa, linaruka kwa ukavu kwenye vijishimo, na muda si mrefu raba inapasuka kando. Utaratibu ni huu: ingiza bolti zote, kaza kwa mkono, shusha gari chini, litikise mbele na nyuma, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu, uzito wote ukiwa kwenye tairi. Kujipenyeza chini ya gari lililoshushwa kunachosha, lakini ndiyo kazi uliyolipwa.

Shokapu nazo. Nati ya juu inakazwa kwa mashine ya upepo, ufito unazunguka, fundi anaukamata kwa koleo pale kwenye kromu. Meno ya koleo yanaacha mikwaruzo midogo ambayo ukipitisha ukucha unaisikia. Kila shokapu ikienda juu na chini, mikwaruzo hiyo inakata sili (raba inayozuia oili), na oili inaanza kuvuja. Kisha mwenye gari anaambiwa shokapu zilikuwa feki! Ncha ya ufito imetengenezewa mahali pa kushika kwa spana, tumieni hapo.

Breki. Hili lingetosha kufungua uzi peke yake. Magari mengi ya mizigo yana valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likibeba mzigo bodi inashuka, valvu inaruhusu nguvu zaidi nyuma. Ukiinua bodi milimita 50 bila kugusa fimbo, valvu inadhani gari ni tupu kuliko tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Kazi yote inabaki kwa breki za mbele, ndiyo ile pua kuzama. Ukipakia mzigo bado inadanganyika, kwa sababu springi ngumu hazishuki kama za zamani. Ncha ya fimbo upande wa ekseli inatakiwa iinuliwe kwa kibano, kwa kiasi kile kile gari lilichopanda. Ni bolti mbili. Fundi asiyeligusa hili anarudisha gari barabarani likiwa na breki pungufu, na mwenye gari hajui.

Kuhusu springi zenyewe, lawama tugawane na wauzaji. Springi ya nyuma iliyokusudiwa mzigo wa kudumu wa kilo 300 inauzwa kwa mtu anayezunguka na gari tupu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mkia unahama pembeni kwa sababu tairi hazishiki ardhi. Muulizeni mteja anabeba nini kila siku: bampa ya chuma, winchi, tangi la ziada, au hewa tupu? Na shokapu iendane na springi. Shokapu laini kwa springi ngumu, gari linapanda na kushuka mara tatu baada ya tuta moja.

Yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) za springi za majani ziwe mpya, zile za zamani zimeshavutika. Zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Alaimenti (pembe za magurudumu) ipimwe baada ya kufunga, na taa za mbele zishushwe, zinawapofusha wenzenu.

Kabla ya kuchukua gari, mwambie fundi ainue chesisi mpaka ekseli ining'inie, azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho, nawe utazame hozi za breki, waya za ABS na mpira wa kupumulia difu (gia za ekseli). Chochote kilichokakamaa kirefushwe au kihamishwe hapo hapo.

Aliyefungiwa na gari linasumbua, aweke hapa aina ya gari, umbali kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi kwa kila tairi, kabla na baada, pamoja na karatasi ya alaimenti yenye kasta. Msipime kutoka ardhini, upepo wa tairi unadanganya. Kama gereji haikupima kabla ya kufungua, iandikeni hivyo hivyo, nayo ni taarifa.