Majirani na Watoto: mwalimu wa hesabu kaingia kikundini

*Mama Mapacha amemwongeza Mwalimu wa Hesabu*

Mama Mapacha: Jamani nimemleta mwalimu mwenyewe maana kila siku humu tunaulizana "eti wenu kaambiwa apeleke nini" na hakuna anayejua. Karibu mwalimu

Mwalimu: Asante mama. Hamjambo wote, na shikamooni wakubwa. Mimi ndo nitakuwa na watoto wenu kwenye hesabu mwaka huu, wale wanaoanza sekondari. Nitaandika kirefu kidogo mtanisamehe

Babu: Marahaba mwanangu. Andika tu, sie tuliostaafu muda tunao

Mwalimu: Tunaanza na namba, zikiwemo zile hasi zinazowatisha, tunaingia kwenye sehemu na desimali, halafu aljebra ambayo ndo inakula muda kuliko zote, kisha jometri na mwishoni takwimu kidogo. Vifaa ni daftari kubwa la mistari, daftari la viboksi, rula, penseli, bikari na kipimapembe. Kalkuleta msinunue kwanza, muhula huu hatuigusi. Wiki ya kwanza kutakuwa na jaribio ila maksi zake haziandikwi popote, nataka tu nijue nani kaishia wapi, kwa hiyo msiwakeshe usiku wakikariri

Baba Kitinda: Hapo kwenye kutokesha nimepapenda 😂

Mama Mapacha: Pacha mdogo keshaanza kuumwa tumbo na shule hata haijafunguliwa

Mwalimu: Na jingine, raba zibaki nyumbani. Mtoto akikosea apige mstari mmoja juu ya kosa aendelee chini yake. Mimi nataka kuliona lile kosa, ndo linaniambia alikuwa anawaza nini. Daftari safi kabisa lisilo na kosa hata moja huwa linanitia wasiwasi, ama kanakili kwa mwenzake ama mzazi kashika kalamu

Baba Kitinda: 👀

Shangazi: Baba Kitinda mbona unaangalia pembeni

Baba Kitinda: Mi sijasema kitu. Ila mwalimu niulize, sasa tusaidie au tusisaidie? Maana kule shule ya msingi tuliambiwa mzazi kaa na mtoto kwenye homuweki na mimi nikakaa kwelikweli, mpaka saa nne usiku, yeye analia mi nafoka, mama yake anakuja kutuachanisha kama waamuzi wa ndondi, na asubuhi ukifungua daftari mwandiko ni wangu

Mwalimu: 😂 Kaeni nao baba, ila shida iko kwenye namna ya kukaa. Kuna utafiti ulichapishwa 2015 huko Marekani, ulifanywa kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wazazi waliokuwa na woga wa hesabu NA wakawa wanasaidia homuweki mara kwa mara, watoto wao walijifunza kidogo zaidi mwaka ule na wenyewe wakaishia na woga zaidi. Wazazi wenye woga uleule lakini hawasaidii sana, kwa watoto wao hilo halikuonekana

Shangazi: Weeee. Kwa hiyo ni sisi tunaowaambukiza??

Mama Mapacha: Mi nimechomwa kabisa. Sentensi yangu ya kila siku ni "hesabu kwetu ukoo mzima hakuna"

Mwalimu: Mama hiyo ndo naomba uiweke kabatini. Mtoto akisikia ni mambo ya ukoo anaona keshapewa ruhusa ya kutojaribu. Mimi naomba swali moja tu kutoka kwenu, "umefikaje hapo?" Mulize hata jibu likiwa sahihi, tena hasa likiwa sahihi, maana mkiuliza pale tu alipokosea atazoea kwamba swali hilo ni taarifa ya kosa. Nusu saa inatosha. Akishindwa aandike "nimekwama hapa" na mimi naipokea kama kazi iliyofanywa

Kaka Fundi: Mwalimu samahani nasoma nusu nusu niko juu ya ngazi. Sasa sie ambao shule tuliishia njiani, akishanijibu amefikaje nitajuaje kama yuko sawa au ananipiga kamba

Mwalimu: Si lazima ujue. Mtoto akieleza kwa mdomo mara nyingi anasikia mwenyewe palipokatika. Na fundi usijidharau bwana, wewe ukiseti msingi pembe mraba unaipataje?

Kaka Fundi: Napima 3 upande huu, 4 upande ule, nikivuta futi mshazari nikikuta 5 basi skwea ipo. Isipofika nasogeza kamba

Mwalimu: Hiyo ni kanuni ya Pythagoras hiyo. 3 kwa 3 ni 9, 4 kwa 4 ni 16, ukijumlisha 25, na 25 ni 5 kwa 5. Tukifika kwenye jometri nakuita darasani na futi yako

Kaka Fundi: Mimi? Darasani? Ngoja nishuke kwanza nisianguke 😂😂

Mzazi Mpya: Habari za humu, samahani nilikuwa mbali na simu, vifaa ni vipi?

Shangazi: Panda juu baba, meseji ya tatu au ya nne

Mwalimu: Haya, kabla ya kuwauliza watoto nawauliza nyie. Kwenye kiboksi panakaa ngapi? Msiulizane
8 + 4 = ☐ + 5

Shangazi: 12

Baba Kitinda: 12

Mama Mapacha: 12. Au 17? Ngoja

Babu: 🚫 _Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi: Babu umefuta nini hapo 😂😂

Babu: Kidole kiliteleza

Mwalimu: Ni 7 😊 na msijali, watoto wengi wanajibu hivyohivyo 12. Miaka yote wameona alama ya = imekaa mwishoni na nyuma yake linafuata jibu, wakadhani maana yake ni "haya toa jibu". Kumbe ni mizani. Huku kuna 12 basi na huku lazima pawe na 12, na kwa kuwa 5 tayari ipo, imebaki 7. Asipolijua hilo siku nikimwandikia 2x + 3 = x + 10 anakufa papo hapo, maana hajui jibu linakaa upande gani. Aliyejua mizani anatoa x moja kila upande, anabaki na x + 3 = 10, kamaliza. Aljebra yangu karibu yote inasimama hapo

Baba Kitinda: Yaani mi na umri huu ndo leo naambiwa ile alama ni mizani

Mwalimu: Na haikushuka na mvua. Aliileta Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557, alikuwa amechoka kuandika maneno "ni sawa na" kila mara. Akachora mistari miwili sambamba ya urefu mmoja, akasema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo

Mama Mapacha: Mvivu mwenye akili huyo, nampenda

Babu: Mwalimu sasa na mimi nina kesi. Juzi mjukuu kaniletea 10 − 4 + 3. Yeye kaandika 9. Nikamwambia wewe, sisi tulifundwa MAGAZIJUTO, Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Jumlisha iko mbele ya Toa, basi 4 na 3 ni 7, 10 toa 7 ni 3. Nikamkatia 9 yake kwa kalamu nyekundu. Kaninunia mpaka leo

Mwalimu: Babu shikamoo tena 🙈

Babu: Marahaba, lakini naiona hiyo shikamoo ina jambo

Mwalimu: Mjukuu yuko sahihi. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda nayo kutoka kushoto kama unavyosoma. 10 ukitoa 4 zimebaki 6, ukiongeza 3 ni 9

Babu: Haiwezekani. JU iko mbele ya TO

Kaka Fundi: Babu, nina misumari 10, nikapigilia 4, kijana akaniletea 3. Ninayo 9. Kwa hesabu yako yule kijana hajaniletea, kaniibia 😂

Babu: Hebu ngoja. Mbona GA kabla ya ZI haijawahi kunisumbua maisha yangu yote?

Mwalimu: Hilo swali babu hata watoto wangu hawaulizi, natamani wangeuliza. Kugawanya kwanza hakuharibu kitu. Angalia 6 × 8 ÷ 4. Kutoka kushoto ni 48 ÷ 4, unapata 12. Ukianza na 8 ÷ 4 ni 2, mara 6, ni 12 ileile. Vivyo hivyo kutoa kwanza hakuharibu. Kinachoharibu ni kuanza kujumlisha wakati kushoto kwake kuna alama ya kutoa, unaitoa na ile uliyoletewa. Kwa hiyo GAZI limepangwa salama, JUTO ndo lina mtego. Lingekuwa MAGAZITOJU lisingemuumiza mtu

Baba Kitinda: Ma ga zi to ju. Hapana, halitamkiki

Shangazi: Yaani watu tumefelishwa na silabi mbili jamani

Mwalimu: Kulikumbuka mlikumbuke tu, ila muongezee "JU na TO ni pacha, anatangulia aliye kushoto"

Mama Mapacha: Ukishasema pacha nimeelewa, kwangu humu kutangulia ni vita

Dakika kadhaa kikundi kimya.

Babu: Nimechukua karatasi nimejaribu tano tofauti

Shangazi: Ikawaje

Babu: Najaribu ya sita

Mama Mapacha: Mwalimu nimeanza leoleo. Nimemkuta pacha mkubwa na hesabu zake za likizo, moja kaipatia kabisa nimeangalia nyuma ya kitabu. Nikakaa pembeni kwa upole nikamuuliza "umefikaje hapo?" Kaniangalia, kachukua raba, kafuta YOTE, halafu ananiuliza "kwani nimekosea wapi?"

Mwalimu: 😂😂 Mulize tena kesho. Na keshokutwa. Na hiyo raba ifiche

Kaka Fundi: Mi wangu kanijibu "nimefika kwa miguu"

Babu: Mwalimu, ile sheria ya mstari mmoja ni ya watoto peke yao?

Mwalimu: Ya darasa zima babu

Babu: Basi
~12~ 7
~3~ 9
Mwiteni mjukuu wangu aje na daftari