Kamera ndogo inafokasi pazia badala ya mtu

mwana_tanga: Wakuu habarini, nina kamera ndogo ya mfukoni, nikimpiga mtu picha ndani uso unatoka ukungu ila pazia la nyuma safi kabisa, shida nini? Harusi ya mdogo wangu iko karibu jamani.

lenzi255: Mkuu usibonyeze kitufe mara moja mpaka mwisho. Bonyeza nusu, subiri kiboksi kwenye skrini kiwe kijani ndo umalizie. Na kwenye menyu weka pointi ya fokasi iwe ya katikati, usiiache kamera ichague yenyewe, lenga jicho, shikilia nusu hivyohivyo halafu sogeza kamera upange picha yako, ila umbali wako na yeye usibadilike.

mama_picha: Naongezea, hizi kamera nyingi zinafokasi kwa kutafuta utofauti wa mwanga na giza, ndo maana ukumbini taa zikiwa hafifu lenzi inahangaika mbele nyuma. Lenga ukingo wa shela au kola, sio kitambaa cheupe kitupu. Kile kitaa kidogo cha mbele cha kusaidia fokasi usikizime, kinasaidia sana gizani.

mwana_tanga: Asanteni sana. Na wakiwa wanacheza muziki?

lenzi255: Hapo washa fokasi ya kutambua nyuso, au lenga mapema pale unapowataka kabla hawajafika, bonyeza nusu ushikilie, wakifika ndo umalizie.