MREJESHO: Mama aliyechanganyikiwa baada ya upasuaji wa nyonga

Wakuu, niliuliza kuhusu mama yangu wa Tukuyu, miaka 74, aliyeanza kuweweseka na kutotutambua baada ya upasuaji wa nyonga hapa Mbeya. Asanteni sana mliokataa jibu la "ni uzee tu".

Daktari alitumia kipimo cha 4AT: uchangamfu wa mgonjwa, maswali manne (umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu), kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, na kama hali imebadilika ghafla. Alama 4 au zaidi zinaashiria deliriamu, yaani akili kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mama hakusoma, hivyo maswali ya mwaka na miezi yangeweza kumwonea. Lakini mabadiliko ya ghafla yenyewe tu yanatosha kufikisha alama 4, na hayo anayeyajua ni ndugu aliyeuguza. Semeni, jamani! Muuguzi naye alimhoji kwa Kinyakyusa, akajibu kwa utulivu zaidi.

Walimkuta na UTI, wakaitibu, wakapunguza dawa za usingizi. Tukamrudishia miwani yake. Sasa anatutambua sote, na anaulizia migomba yake. Kumbukumbu atapimwa baadaye, deliriamu ikishaisha kabisa, maana akipimwa sasa majibu yatapotosha.