Sarafu iliyotoka mchangani: sumaku, maji au asidi ya sonara?

Mvuna Vizibo
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Jumapili nilipita na kitambua metali katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Mombasa, na baada ya vizibo vya soda kumi na vitatu nikatoa sarafu yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Upana wake ni milimita 28 na uzito gramu 7.7, ila gamba jeusi limeuficha mwaka. Nataka kujua kama ni ya fedha bila ya kuiharibu. Kati ya sumaku, kipimo cha maji na asidi ya sonara, mnaamini kipi?

Binti Makadara
Sumaku hubainisha metali kama chuma tu, kaka, kwa kuwa mchanganyiko wa shaba na nikeli hauvutwi, kama vile fedha isivyovutwa. Mimi hutumia maji: weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mpaka izame bila ya kugusa chini. Gawa uzito wa sarafu kwa nambari itakayotokea. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya kale ya fedha ya Austria, yenye gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kwa 1000, hutoa takriban 10, ilhali shaba na nikeli hutoa karibu 8.9.

Mzee wa Mizani
Maneno ya binti yangu ni sahihi kwa reale, na hata kwa rupia ya gramu 11.66 ambayo fedha yake ni 917 kwa 1000, lakini kwa shilingi hiyo ya simba yatakupoteza. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha, na zile za 1948 na kuendelea hazina hata chembe. Uzito ni uleule, na tofauti ya ujazo ni ndogo mno kwa mizani yako yenye desimali moja. Asidi nayo hudai ukwaruze sarafu, jambo ambalo wakusanyaji hawalisamehe. Iloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi, kisha usome upande wa mfalme: ukiona IMP mwishoni mwa jina la George wa sita, ni ya fedha, ukiona SEXTVS (yaani "wa sita" kwa Kilatini), si ya fedha. Kwa reale, kusoma mwaka hakusaidii, maana karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne iliyofuata.

Kijana wa Mji wa Kale
Naongeza la sheria, kwa kuwa wengi hulipuuza. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kila kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Shilingi yako haimo, lakini rupia ya 1888 yenye jina la Mombasa imo. Tafadhali usiipeleke mashine yako karibu na Fort Jesus wala Mama Ngina bila ya kibali.

Mvuna Vizibo
Nashukuru, mzee wangu. Nimeiloweka siku tatu, nikibadilisha maji kila asubuhi, na leo kipande cha gamba kimebanduka chenyewe kando ya sikio la mfalme. Herufi zilizojitokeza ni XTVS. Sonara wa mtaani alikuwa ameshanitajia bei ya kuipima.