Bunge la Texas kukutana siku 140 tu ndani ya miaka miwili, imekaaje hii?

Kinara77: Wakuu, heshima kwenu. Nimesikia bunge la jimbo la Texas linakaa miezi mitano, kisha wabunge wanarudi kwenye shughuli zao mpaka mwaka wa pili uishe. Jimbo kubwa vile! Dharura ikitokea? Na kwa nini wengine hutoroka jimbo?

Mzee wa Kanuni: Ni kweli, mkuu. Kikao cha kawaida huanza Jumanne ya pili ya Januari, 2023, 2025, hivyo hivyo. Siku 60 za mwanzo kwa kawaida hawapitishi miswada, isipokuwa jambo ambalo gavana amelitangaza la dharura. Unaona rungu liko kwa nani? Kikao maalumu anaitisha yeye peke yake, kisichozidi siku 30, na ajenda anapanga yeye.

Mfano, Juni 2013, siku ya mwisho ya kikao maalumu, Seneta Wendy Davis aliamua kuongea mpaka muda uishe, akwamishe muswada wa kubana utoaji mimba. Kanuni zao kali: huketi, huegemei meza, huli, hunywi, hutoki nje ya mada. Akavaa raba za rangi ya waridi, akasimama takriban saa 11. Walimkatisha kwa hoja za utaratibu, ila kura ilipokamilika saa sita usiku imeshapita. Muswada ukafa. Gavana Rick Perry akaitisha kikao kingine, Julai ukapita.

Binti Hakimu: Umemaliza, mzee wangu. Niongeze la kutoroka: akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kifanyike, ni theluthi mbili. Wawakilishi ni 150, kwa hiyo 51 wakisusa, hakuna kikao. Wanaweza kukamatwa na kurudishwa ukumbini, lakini amri hiyo inaishia mpakani. Ndiyo maana 2003 Wademokrati walijichimbia Ardmore, Oklahoma, na 2025 wengi wakaenda Illinois. Kanuni ya 2023 iliweka faini ya dola 500 kwa siku kwa anayetoroka, na mshahara ni dola 600 kwa mwezi!

Kinara77: 600?! Nani anamudu ubunge huo?

Mzee wa Kanuni: Mwenye kazi yake pembeni, mawakili hasa. Kuna posho ya siku za kikao, lakini haitajiriki mtu. Nevada nao hukutana kila baada ya miaka miwili, siku 120. Huko mshahara unakoma siku ya 60, kazi inaendelea.