Binti anakariri jedwali la elementi kama wimbo, nimsaidieje?

MamaPili_Kasese: Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko senior two. Kila jioni namsikia jikoni akiimba haidrojeni, heliamu, lithiamu... hadi kalsiamu, zote 20 bila kukwama. Juzi nikamuuliza, mbona sodiamu na potasiamu zimewekwa safu moja? Kimya. Mimi mwenyewe shule niliiacha zamani. Tena daftari lake linasema klorini iko kundi la VII, simu inasema 17. Nani mwongo hapo?

FundiBetri: Hakuna mwongo, mama. Namba za Kirumi zinahesabu makundi makuu tu. Hiyo 1 hadi 18 inahesabu safu zote, hata zile za katikati walikokaa shaba na kobalti, madini ya Kilembe hapo kwenu. Kuanzia safu ya 13, toa 10 utapata elektroni za nje, yaani zile za mzingo wa mwisho wa atomu. Klorini: 17 toa 10, saba.

Sasa mwambie aandike elektroni za kila mzingo, kuanzia wa ndani kwenda nje, aache kuimba. Sodiamu 2,8,1. Potasiamu 2,8,8,1. Zote zinaishia na moja, ndiyo maana ziko safu moja na tabia zinafanana. Sodiamu ina mizingo mitatu, basi iko mstari wa tatu. Chumvi ya Katwe mnayopikia ni hiyo elektroni moja ya sodiamu imehamia kwa klorini yenye saba, mzingo wake wa nje ukatimiza nane.

MwalimuMstaafu: Msimkataze kukariri! Chumba cha mtihani hakina simu. Ila mkatie vikaratasi 20, kila kimoja elementi na elektroni zake, avipange. Kisha ufiche kimoja, yeye akitaje. Mendeleev, Mrusi aliyepanga jedwali hili, mwaka 1869 aliacha nafasi tupu hivyo hivyo, akatabiri tabia za elementi ambazo hakuna aliyeziona. Galiamu ikapatikana 1875, jemaniamu 1886.

Kijana_Arua: Mzee, argoni ina uzito wa 39.95, potasiamu 39.10. Mbona argoni imetangulia?

MwalimuMstaafu: Swali zuri, kijana. Mendeleev alifuata zaidi uzito. Mwaka 1913 Moseley, mwanafizikia Mwingereza, akaonyesha kwamba kinachopanga ni idadi ya protoni, chembe zilizo kwenye kiini cha atomu. Argoni 18, potasiamu 19. Uzito haupangi foleni.

MamaPili_Kasese: Asanteni jamani. Tumekata boksi la sabuni, nikaficha magnesiamu. Akakaa kidogo, akasema: "Mama, hapa panataka 2,8,2." Nimefurahi kweli! Lakini sasa ananisumbua: heliamu ina elektroni mbili, mbona haikuwekwa juu ya magnesiamu? Nimjibu nini, chai inapoa.

FundiBetri: Mzingo wa kwanza hujaa kwa mbili tu. Heliamu imeshashiba, kwa hiyo inakaa na walioshiba: neoni, argoni. Haombi wala hagawi.

MamaPili_Kasese: Amecheka. Kesho anataka tuanze ya 21, na boksi limekwisha.