Nimeteketeza 147,000, Probox iko juu ya mawe, na fundi anataka ninunue tabo ya TATU

Wadau, wiki tatu nimejizuia kuandika hapa. Nilisema nitakula hasara yangu kimya kimya kama mwanamume. Halafu leo asubuhi fundi ananipigia simu akiwa na furaha kama ya arusi: amepata tabo nyingine (turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa egzosi kikasukuma hewa zaidi kwenye injini) "moto kuliko zile mbili", nimtumie 20,000 aishikilie. Tabo ya tatu! Kwa gari ambalo halina injini!

Jina la gereji sitaji na msije inboksi kuniuliza. Ni hapa hapa Nakuru, na inatosha.

Gari ni Toyota Probox, injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, gia za mkono. Kazi yake ni kupeleka chakula cha ng'ombe Molo na kurudi na waru (viazi). Anayeijua ile barabara hahitaji kuelezwa. Ukitoka Salgaa kupanda Sachangwan na mifuko mitano ya kilo 70 nyuma, unaingia gia ya pili, unaomba Mungu, na matrela yanakupigia honi kwa nyuma. Nakuru penyewe tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, Molo ni kama 2,500. Kule juu hewa imebaki na presha ya robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 109 hivi, ikifika kule inabaki na kama 80, na hizo ni kama haijachoka.

Kwa hiyo sikutaka kushindana na mtu. (Sawa, na ule mlio wa pshhh ukiachia mafuta nao niliutaka. Nani hautaki?) Hesabu yangu ilikuwa ndogo na mpaka leo naamini ilikuwa sawa: tabo isukume bar 0.3 tu juu ya hewa ya nje (hewa ya Mombasa ni kama bar 1), basi, na Probox yangu ikiwa Molo ivute karibu hewa ile ile ambayo Probox ya Mombasa inavuta bure. Nilimwambia fundi hivyo, kwa mdomo wangu. Akacheka. "Bosi, 0.3 ni ya akina mama. Leta tabo, leta pesa, ni kazi ya siku mbili."

Hakufungua boneti. Nataka mlielewe hili kabla sijaendelea. Gari lina kilomita zaidi ya 200,000, limebeba mizigo maisha yake yote, na mtu anakupa bei ya kulifunga tabo akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Nilikuwa na 120,000, niliziweka kidogo kidogo mwaka mzima. Tabo 38,000, ile CT9 ya Starlet yenye injini ya 4E-FTE. Kwa 1.5 ni saizi nzuri, nayo sina ugomvi. Manifoldi ya kuchomelea, ile ya egzosi inayoshika tabo, 14,000. Intakula ya mtumba, radieta ya kupoza hewa ya tabo, 9,000. Mabomba, klipu na mipira 11,500. Kazi 25,000. Jumlisha, ni 97,500. Siku mbili zikawa kumi na moja, nikalichukua gari.

Na lilienda, sitadanganya. Siku nne nilikuwa mfalme wa Lanet. Siku ya tano, nikishuka kutoka safari nasimama kwenye taa, moshi wa buluu ukafunika bodaboda zote nyuma yangu. Gari likiwa limesimama, injini inawaka bila kukanyagwa, moshi. Nikikanyaga, unapungua. Fundi akalitazama dakika mbili akasema, "Ringi za tabo zimekufa. Hiyo ulinunua mbovu, tafuta ingine." Ya pili 32,000, akanipatia yeye mwenyewe, na 8,000 ya kufunga tena.

Moshi ukarudi baada ya siku mbili.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo damu inapochemka. Shafti ya tabo inazunguka juu ya utando wa oili. Oili inaingia kwa presha kupitia kabomba kembamba, inapita, na ikitoka upande wa pili haina presha tena, imekuwa povu, inaanguka kwa uzito wake tu kurudi kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Ndiyo maana bomba la kurudishia lazima liwe pana, lishuke moja kwa moja bila kupanda popote, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Likizibwa au likipinda, oili inajaa kwenye tumbo la tabo na kutafuta njia pembeni ya zile ringi za shafti, ambazo ni chuma na hazikutengenezwa kuzuia oili iliyosimama. Inaingia kwenye egzosi. Unapata moshi wa buluu, na tabo ni nzima kabisa!

Mimi niliwekewa nini? Mpira wa bustani. Wa kijani. Ule wa kumwagilia sukuma wiki. Umeshuka, ukapanda kidogo kukwepa chuma cha msalaba chini ya injini, ukashuka tena, umekaa kama bomba la chini ya sinki. Na tundu la kuingilia kwenye sampu limetobolewa chini, ndani ya oili yenyewe. Ungefunga tabo mpya kutoka Japani ingetoa moshi vile vile. Nimeuziwa tabo ya 32,000 kwa sababu ya mpira wa shilingi 300.

Hayo sikuyajua wakati ule. Nikaendelea kuongeza oili na kwenda kazini, maana waru haingoji.

Kitu kimoja nilichofanya kwa akili yangu ni kununua kageji ka presha na kukafunga kwenye dashibodi. Nikaona 0.9. Nikampigia, "Mbona 0.9 na tulisema 0.3?" Kumbe alikaza ile fimbo ya kilango cha kupunguzia moshi unaozungusha tabo, tabo isukume zaidi, ili "usikie raha". Kule Sachangwan hewa ya nje ni kama bar 0.75. Ukiongeza 0.9 juu yake, tabo inabana hewa zaidi ya mara mbili, inatoka imechemka, inaingia kwenye injini ambayo yenyewe inaibana tena sana, kompresheni ya 10.5 kwa 1. Na injekta, vile vinyunyizio vya mafuta, ni zile zile za kiwandani. Pampu ni ile ile. Kwenye 1NZ presha ya mafuta haifuati presha ya hewa inayoingia kwenye injini, hakuna bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, ni takriban bar 3 na kidogo wakati wote. Kwa hiyo tabo inaposukuma hewa kuingia, inasukumana pia na injekta, na mafuta yanapungua wakati ule ule ambapo yanahitajika zaidi. Nilipouliza kuhusu mafuta nikajibiwa, "Kompyuta itajifunza yenyewe." Itajifunza wapi, tuisheni? Inarekebisha kidogo tu ukienda polepole. Ukikanyaga mpaka chini inasoma jedwali lililoandikwa kwa Probox isiyo na tabo.

Jumatano ile, kama nusu ya mlima, gia ya tatu (ya tatu! nilikuwa najisifu), nikasikia kokoto ndani ya mkebe, mlio wa mafuta kulipuka vibaya ndani ya injini. Sekunde tano, labda sita. Halafu kishindo, kijiti cha kupimia oili kikaruka, boneti ikafuka. Nikavuta pembeni na mifuko yangu mitano. Brekidauni mpaka mjini, pamoja na pikipiki za kupeleka mzigo wa watu, 9,500.

Fundi alikuja kuangalia. Akasema ni mafuta machafu ya petroli stesheni.

Nilivuta gari mpaka kwa mzee mmoja upande wa Njoro, aliyewahi kutengeneza trekta za wazungu, haongei sana. Akatoa plagi nne akazipanga juu ya gazeti. Ya tatu ilikuwa na vidoadoa vya kung'aa kama fedha. "Kijana, unaona hii? Hiyo ni pistoni yako." Akafunga geji ya kompresheni, kupima kila sailenda inabana hewa kiasi gani: ya kwanza psi 165, ya pili 160, ya tatu 40, ya nne 120. Nikamwambia basi ni moja tu iliyokufa. Akanitazama kama mtoto. "Hii ya nne haikuvunjika. Hii ya nne ilikuwa mgonjwa kabla hujafika kwa huyo mtu."

Akanieleza kwamba hapa kwetu juu usitegemee kusoma namba za kitabu, kitabu kinazungumzia usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi na geji itasoma chini. Unachotazama ni tofauti kati ya sailenda na sailenda, na kwa injini hii Toyota wanaruhusu kama psi 15 tu. Mimi nilikuwa na pengo la zaidi ya 40 kati ya sailenda ambazo HAZIKUVUNJIKA. Kipimo hicho ni 1,500. Dakika ishirini. Kingesema tabo isifungwe kabla ya kubadilisha ringi za pistoni.

Tulipofungua, pistoni ya tatu ilikuwa imekatika kingo kati ya ringi na konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, imepinda kidogo. Konrodi za 1NZ ni nyembamba kama vijiti, mtu yeyote aliyewahi kuishika moja anajua. Plagi bado zilikuwa na mwanya wa milimita 1.1, na presha ile inazima cheche. Mzee alisema angeweka za baridi daraja moja, zinazotoa joto haraka, na mwanya wa 0.7 hivi. Radieta nusu imejaa matope. Kofia ya radieta hata haishiki.

Nimekaa na kalamu nikagawa upya zile 120,000 na karibu nilie. Kipimo cha kompresheni. Radieta kuzibuliwa, thamostati na kofia mpya. Ringi na gaskiti, maana zilihitajika hata bila tabo. Breki, kwa sababu napanda na mifuko lakini nashuka na waru, na tairi za nyuma zina breki za ngoma. Halafu geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta, ile ya kweli, maana sensa ya gari inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, na tabo ikisukuma unataka uone 12 au chini kidogo. Injekta kubwa na mtu wa kuzitungia programu. Hapo pesa ingekuwa imeisha na sina tabo, ndiyo. Ningengoja mwaka mwingine. Gari lingekuwa linatembea, na kwa radieta safi na kompresheni sawa pengine lingepanda Sachangwan vizuri kiasi kwamba nisingeitaka tena.

NYONGEZA, saa mbili usiku. Nimesoma majibu.

Wewe uliyesema "ungeweka 1.2 bar na uombe, Mungu ni mwema": nenda kalale.

Ndugu wa Kisumu unayenilinganisha na Subaru yako, nakuheshimu, lakini Subaru yako ilizaliwa na tabo. Pistoni zake kompresheni ni 8 au 9, oili yake ilichorewa njia na injinia, na wewe huko ziwani uko kama mita 1,130, una hewa ya kuchezea. Usinilinganishe. Hata TRD wenyewe, kitengo cha mashindano cha Toyota, walipoifunga tabo injini hii hii ya 1NZ kwenye Vitz waliishia farasi 150, na wao ndio Toyota. Halafu mtu wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru anataka farasi 250 kwa mpira wa bustani.

Aliyeshauri ningenunua tu injini nzima ya 4E-FTE: labda una haki. Ila usisahau kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku, usije ukasimamishwa na polisi Gilgil ukaanza kueleza.

Na wanaosema nimlaumu nani wakati pesa ni yangu: najua. Nilijua bar 0.3, nikaona 0.9 kwenye geji, nikaendelea kukanyaga siku tisa kwa sababu ilikuwa tamu. Hilo ni langu, simpi fundi. Ule mpira wa kijani ni wake.

Mzee ameshika shafti ya ile tabo ya kwanza, "mbovu", akaisukuma juu na chini: mchezo wake ni mdogo tu, wa kawaida. Ni nzima. Ninayo kwenye gunia chini ya kitanda. Anayeitaka aje Lanet tuongee bei, lakini aje na karatasi ya kompresheni ya injini yake, sailenda zote nne. Bila hiyo simuuzii hata kwa 60,000.